Usisaini Kabla Hujauliza, Mdogo Wangu

Barua zenu za mwezi huu nimezisoma, na karibu zote zina kilio kimoja. Uko Columbus, au Dallas, au Louisville. Umechoka kupakia maboksi ghalani usiku kucha, au umechoka kuwainua wazee kitandani mpaka kiuno kinalia. Mtu mmoja kanisani au msibani kakwambia kuna kozi ya mwaka mmoja tu, ukimaliza unavaa sare safi, unafanya kazi kliniki, jioni uko nyumbani na wanao. Kazi ya MA. Hamu ikakushika, ukajaza jina na namba yako kwenye simu, na kabla chai haijapoa amekupigia dada mwenye sauti tamu, anataka usaini leo leo.

Hapo hapo ndipo ninapotaka kukushika mkono, mdogo wangu. Hebu kaa chini kwanza.

Kazi yenyewe ni nzuri, wala sitaki kukuvunja moyo. MA ni msaidizi wa kliniki. Ndiye anayemwita mgonjwa kutoka anakongojea, akampima uzito, joto na presha, akamuuliza dawa anazotumia, akayaingiza yote kwenye kompyuta kabla daktari hajafungua mlango. Anatoa damu, anachoma sindano na chanjo pale sheria za jimbo zinaporuhusu, anamfunga mgonjwa zile nyaya za kupima mapigo ya moyo, na siku nyingine yuko mapokezi anapanga miadi na kuhangaika na watu wa bima. Takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za mwaka 2023 zinasema nusu ya MA walipata zaidi ya dola 42,000 kwa mwaka, na nusu chini ya hapo. Huwezi kuita utajiri, lakini mara nyingi ni kazi ya mchana, na nafasi zake zinaongezeka haraka kuliko kazi nyingi.

Lakini mnachanganya mambo, na siwalaumu, maana herufi zinakaribiana. CNA ni yule wa nyumba za wazee na wodini. Kozi yake ni ya wiki chache, sheria ya shirikisho inataka saa zisizopungua 75. PA ni mtu aliyesoma mpaka shahada ya uzamili, anapima wagonjwa na kuwaandikia dawa. MA hatambui ugonjwa wala haandiki dawa. Ukisikia mtu anatamba na mshahara wa PA, usidhani anazungumzia kozi yako ya mwaka mmoja, ukaja kulia baadaye.

Sasa turudi kwa yule dada wa simu. Mkataba wa shule si kadi ya mchango wa harusi, kwamba ukichelewa kujibu utasemwa. Hakuna atakayekusema. Nawajua, mnaona haya kumkatalia mtu aliyezungumza nanyi kwa upole, mnaona haya kuuliza bei mara ya pili, mnaona haya kusema Kiingereza kimewapita. Haya hiyo ndiyo inayotugharimu sisi watu wa kwetu kuliko ada yenyewe.

Kulikuwa na kampuni iliyoitwa Corinthian Colleges, yenye shule za Everest zilizotangazwa kwenye televisheni mchana kutwa, na kozi ya MA ilikuwa miongoni mwa zile ilizoziuza sana. Mwaka 2015 ilifunga milango yake ya mwisho, wanafunzi wakabaki na madeni mikononi. Mwaka 2022 ndipo serikali ya Marekani ilipotangaza kufuta mikopo ya watu 560,000 waliopitia shule za kampuni hiyo, jumla yake dola bilioni 5.8. Hebu hesabu miaka mtu aliyokaa na deni la shule ambayo hata jengo lake halipo. Si kila shule binafsi iko hivyo, nisije nikawaonea walio waaminifu. Lakini shule inayokuharakisha usaini ina sababu yake, na sababu hiyo si mapenzi kwako.

Ndiyo maana nawaambia anzeni na chuo cha jamii. Hivi ni vyuo vya umma, vinavyosaidiwa na kodi za watu, na si vya jana. Cha Joliet kule Illinois kilianza mwaka 1901. Ada kwa mkazi wa eneo husika ni wastani wa dola 4,000 hivi kwa mwaka, ukiacha vitabu, sare na mitihani. Kisha ipo ruzuku ya Pell, ambayo mtu wa kipato kidogo hairudishi. Kwa mwaka wa masomo wa 2024 hadi 2025 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Unaiomba kwa fomu ya FAFSA, na fomu hiyo ni ya bure. Anayekutoza hela kuijaza anakula jasho lako. Si ya raia peke yao. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, mkimbizi anaruhusiwa, aliyepewa hifadhi anaruhusiwa. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi. Na si kila kozi fupi chuoni inaingia kwenye mpango huo, kwa hiyo nenda ofisi ya misaada ya ada, taja kozi yako kwa jina lake kamili, uulize swali la kwanza: Pell inailipia?

Swali la pili ndilo wengi wenu mnaliruka. Muulize mkuu wa kozi: programu hii ya MA ina ithibati ya CAAHEP au ya ABHES? Nimesema programu, sikusema chuo. Chuo kizima kinaweza kuwa na ithibati safi na programu yako isiwe nayo. Ithibati hiyo ndiyo njia kuu ya kuufikia mtihani wa CMA unaotolewa na AAMA, chama cha MA wa Marekani, ule wa maswali 200 katika dakika 160, uliogawanywa mafungu manne ya dakika 40. Kuna vyeti vingine pia, RMA na CCMA, na viko waajiri wanaoviheshimu. Majimbo mengi hayadai leseni, lakini Washington, kwa mfano, huwezi kufanya kazi hii bila kusajiliwa na idara ya afya ya jimbo. Fungua matangazo ya kazi ya hospitali na kliniki za mji wako, usome wanataka cheti kipi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Na swali la tatu, hasa kwako unayesema utaanza na MA ili uje kuwa nesi: masomo haya yatahesabiwa kule kwenye unesi? Mara nyingi jibu ni hapana kwa yale mengi. Somo la mwili wa binadamu wanalofundishwa MA huwa fupi, na shule ya unesi inataka lile refu, lenye maabara. Kama moyo wako uko kwenye unesi, omba usome lile refu tangu mwanzo, hata kama litakusumbua. Nimeona dada anasoma somo lilelile mara mbili, analilipia mara mbili, kwa sababu hakuna aliyemwambia na yeye hakuuliza.

Wewe uliyeniandikia kwamba ulikulia kambi ya Nyarugusu na vyeti vyako havijulikani viliko, nimekusoma mara mbili. Usijifiche, mdogo wangu. Mficha uchi hazai. Huku kuna mtihani wa GED, unaosimama badala ya cheti cha sekondari, una masomo manne tu: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, na vyuo vingi vya jamii vina madarasa ya kukuandaa, mengine bila ada. Wewe mwingine mwenye Diplôme d'État ya Kongo au cheti cha kidato cha nne, usikiache sandukuni eti ni cha kwetu. Kipeleke kwa taasisi za kutathmini vyeti vya nje ambazo chuo chako kinazikubali. Na wakikupima Kiingereza wakakuambia uanze na darasa la lugha, usinune. Muhula mmoja wa Kiingereza ni mdogo kuliko aibu ya kusoma jina la dawa usiloweza kulitamka mbele ya mgonjwa anayekutegemea.

Haya, tuseme umeingia. Kabla hujamgusa mgonjwa utaombwa makaratasi: historia ya jinai, kipimo cha dawa za kulevya, cheti cha kuokoa mtu aliyezimia, na chanjo. Hapa sikilizeni vizuri, maana watu wetu wanakwama hapa hapa. Chanjo ya homa ya ini B ya kawaida huchomwa mara tatu katika miezi sita, kwa hiyo ukingoja mpaka wiki ya mwisho umejifungia mlango mwenyewe. Halafu kifua kikuu. Utachomwa kidogo chini ya ngozi ya mkono, urudi baada ya saa 48 hadi 72 wausome, na huenda pakavimba. Moyo unakudunda, unafikiri wameshakuona mgonjwa, watakufukuza, na habari zitafika nyumbani. Tulia. Wengi wetu tulichomwa BCG utotoni, ile iliyotuachia kovu mkononi, na chanjo hiyo inaweza kuufanya mkono uvimbe bila wewe kuwa na kifua kikuu. Omba kipimo cha damu badala ya kile cha ngozi, maana hicho hakidanganywi na BCG. Kama nacho kikionyesha una vijidudu, watakupiga picha ya kifua, na ikiwa vimelala tu huambukizi mtu, kuna dawa, unameza, unaendelea na shule. Mmoja wenu aliacha masomo kwa sababu ya uvimbe wa mkononi, akakaa kimya, hakumwambia hata mwalimu. Nilipoisoma barua yake roho iliniuma.

Kisha maabara. Katika vyuo vingi mnaanza na mkono wa bandia, halafu mnachomana nyinyi kwa nyinyi. Utamfunga mwenzako kamba ya mpira juu ya kiwiko, nayo isizidi dakika moja. Mshipa usiutafute kwa macho. Ngozi zetu hazionyeshi mistari ya buluu iliyochorwa kitabuni. Utafute kwa ncha ya kidole mpaka uusikie unarudisha msukumo. Pangusa spiriti, uiache ikauke, vuta ngozi kwa dole gumba, tundu la sindano litazame juu. Halafu vichupa, kila kimoja na kizibo chake cha rangi: buluu hafifu kwanza, ndipo chekundu na cha dhahabu, cha kijani, cha zambarau, na cha kijivu mwisho. Usione ni urembo. Ndani ya kile cha zambarau kuna dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo ina potasiamu. Ukikitanguliza, chembe zake zikaingia kwenye kichupa kinachofuata, majibu yatasema potasiamu ya mgonjwa imepanda na kalisi imeshuka, na daktari ataanza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Umeona? Kwa hiyo mwalimu akiuliza kama mmeelewa, nawe hujaelewa, usitikise kichwa kwa adabu. Adabu hiyo tuliyofundishwa, ya kutomsumbua mkubwa, iweke nyumbani. Darasani sema hujaelewa. Sema mara tatu.

Hata presha, ambayo mnadhani ni jambo dogo. Mgonjwa akae dakika tano kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, asikunje mguu juu ya mguu, mkono uwe usawa wa moyo, mkanda ugusane na ngozi bila shati katikati, na msipige soga. Kliniki ikijaa utaona wakubwa wako wanaruka hili na lile. Wewe usiruke. Mama wa watu anapandishiwa dawa kwa ile namba uliyoiandika wewe.

Na kuna mitego ya wageni. Hapa joto la kawaida ni 98.6, ile 37 yetu, na 100.4 ndiyo 38. Uzito ni pauni. Kilo moja ni pauni 2.2, na dawa za watoto hupimwa kwa kilo, kwa hiyo ukikosea hapo umemkosea mtoto. Tarehe ndiyo mbaya kuliko zote, maana Wamarekani wanaanza na mwezi. Kadi ya chanjo iliyotoka Kigoma au Bukavu imeandikwa 05/03, ni tarehe 5 mwezi wa tatu. Mwenzako wa huku ataiingiza Mei 3. Wewe ndiye utakayeligundua hilo, kwa hiyo fungua mdomo.

Sasa fildi. Programu zenye ithibati ya CAAHEP zinataka saa zisizopungua 160 za mafunzo kwa vitendo kliniki, na mara nyingi hakuna malipo. Ni wiki nne za mchana kutwa. Hapa ndipo ndoto nyingi zinapozimia, na si kwa ugumu wa masomo, ni kwa kodi ya nyumba. Unatoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili unatakiwa kliniki umeshika sindano, macho mekundu. Hapana, mwanangu. Utamchoma mtu vibaya au utajichoma mwenyewe. Tangu mwezi wa kwanza weka akiba ya wiki hizo, tafuta wa kukaa na mtoto mapema, zungumza na bosi wako wa ghalani akupe likizo au zamu za mwisho wa wiki.

Na nyumbani piga simu. Najua uzito wake. Mdogo wako anasubiri ada, mama anasubiri dawa za sukari, na kamati ya harusi ya binamu imeshakuandikia kiwango. Waambie kabla, kwa lugha ya wazi, kwamba kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani hutatuma au utatuma nusu, na sababu ni masomo. Dawa za mama zisiguswe. Harusi itafungwa bila wewe. Watanuna kidogo, na usinyamaze ukaanza kukwepa simu zao, kwa sababu kimya ndicho kitakachowafanya waseme umebadilika. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Ngoja niwaseme na kwa jambo jingine, maana umbea tunaupenda, tusidanganyane. Siku moja kliniki ataingia mtu unayemfahamu. Mke wa mchungaji. Kijana wa jirani. Yule aliyekutapeli hela ya upatu. Utaona jina lake kwenye kompyuta na mkono utakuwasha kubonyeza. Kama hukupangiwa kumhudumia, usifungue. Sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inalinda siri za mgonjwa, na kompyuta inaweka kumbukumbu ya kila aliyefungua faili, saa na dakika. Watu wanafukuzwa kazi kwa hilo hata kama hawakumwambia mtu. Na uchungu mkubwa hauko kwako, uko kwa yule mama ambaye siri yake ikivuja hatarudi tena kliniki, atakaa na ugonjwa wake ndani mpaka umzidi. Jamii yetu huku ni ndogo. Neno lililosemwa Jumatatu, Jumapili limefika kanisani.

Watakuomba pia ukalimani. Daktari atatoa kichwa mlangoni, akuombe uje umwambie huyu bibi kwa Kiswahili kwamba uvimbe wake ni saratani. Moyo utataka kusaidia, na ni moyo mzuri. Lakini sheria ya shirikisho inataka mkalimani aliyethibitika kuwa na uwezo, na mahali pengi watakupima kwanza kabla hujaruhusiwa. Muulize msimamizi wako kuhusu kipimo hicho. Ukifaulu, dai ukalimani uandikwe kwenye kazi yako, na uulize kama kuna nyongeza ya mshahara. Mpaka siku hiyo, mgonjwa mwamkie, mshike mkono, umwambie mkalimani anakuja, na umsaidie daktari kumpigia simu mkalimani. Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa vinapishana, na kwenye chumba kile hakuna nafasi ya kukisia.

Ndugu nao watapiga simu usiku: mwanetu, wewe sasa ni daktari, hizi dawa nimeze ngapi? Wajibu kwa upendo na bila kuyumba: mimi si daktari, sina ruhusa ya kukwambia hivyo, ila kesho asubuhi nitakusaidia kupata miadi. Kusaidia mtu kupata miadi, kumkumbusha abebe dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, kumwandikia maswali yake kwenye karatasi kabla hajaenda, hiyo ni kazi kubwa, na unaruhusiwa kuifanya kila siku.

Nimebakisha wewe wa Dallas, uliyekwisha saini wiki mbili zilizopita kwenye shule ya haraka, na sasa usingizi umekukimbia. Sikugombezi. Chukua mkataba wako leo, tafuta sehemu inayoeleza kujitoa na kurudishiwa ada, usome tarehe. Kama Kiingereza chake kinakushinda, mpelekee mtu wa shirika lililokupokea au mhudumu wa maktaba ya umma, msome pamoja. Kama ulichukua msaada au mkopo wa serikali ya shirikisho, ujue hesabu yake inakwenda na muda. Kabla hujavuka asilimia 60 ya muhula, fedha zinahesabiwa kwa sehemu ya muhula uliyoimaliza, na zilizobaki zinatakiwa zirudi. Ukishavuka, zinahesabiwa zimetumika zote. Kwa hiyo kila wiki unayokaa ukiona haya, deni linazidi kukomaa. Ukiamua kutoka, andika barua, tia tarehe, bakia na nakala, usitegemee ahadi ya mdomo ya mtu yeyote pale mapokezi. Kisha Jumatatu nenda chuo cha jamii kilicho karibu nawe, na yale maswali matatu yawe kwenye karatasi mkononi. Wakishakujibu niandikie, na majibu yao uyaandike kama walivyoyasema.